Istimara ya Karavani ya Vuai

Ijumaa, 8 Novemba 2024

Wesley, rafiki wa mume wangu, kaniambia niandike. Si kwa ajili ya moyo, ni kwa ajili ya maofisi. "Shemeji, tafuta daftari," kasema. "Kila mahali utaenda, andika tarehe, andika nani amekuambia nini. Hawa watu wakianza kukuzungusha, daftari ndiyo itakusaidia." Basi nimechukua daftari la chumba cha kushonea hotelini, lile la kuorodhesha sare zinazoletwa kutiwa vifungo. Kurasa nne za mwanzo zina majina ya wahudumu. Naanzia ya tano.

Mambo yenyewe ni haya. Mume wangu Vuai alifariki tarehe 6 Septemba, mchana wa Ijumaa, huko Al Wukair, katika kiwanja cha Bwana Mubarak, tajiri wake aliyekuwa akimwendeshea gari. Moyo ulisimama. Alikuwa na brashi ya rangi mkononi. Alizikwa hapa hapa Doha siku ya pili yake. Kiwanjani ameacha karavani, nyumba ndogo ya bati yenye magurudumu, ya kukokotwa na gari. Imenizidi umri. Bwana Mubarak aliinunua kwa Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao, zamani hizo, wakapeana mikono tu bila ya kuandikiana, halafu ikawa banda la kuku. Miaka minne nyuma alimwambia Vuai, "Ukiweza kuifufua, ni yako." Vuai na Wesley wakaifufua, Ijumaa kwa Ijumaa.

Haina istimara, yaani kadi ya usajili. Haijapata kuwa nayo. Na sasa kiwanja kinajengwa maghorofa. Matingatinga yanaingia baada ya Idi ya mwezi wa tatu.

Wesley ni Mkenya, anaendesha rikavari, lori la kubebea magari yaliyokufa. Nikamwuliza kwa nini asiibebe tu.

"Kubeba nitabeba. Lakini niiweke wapi? Bila istimara hakuna yadi itaikubali. Ukiiacha barabarani, manispaa wanaizoa kama taka."

Alisimama ngazini, hakuingia, kwa kuwa nimo edani. Kendi, dada wa Meru tunayepakana naye kwa ukuta wa mbao hapa Fereej Bin Mahmoud, alisimama mlangoni kati yetu. Wesley akauliza kama naitaka au iende chuma chakavu. Nikasema isitupwe. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Sina gari la kuikokotea wala leseni.

Jumapili, 10 Novemba

Kazini. Vifungo.

Jumanne, 12 Novemba

Siku yangu ya mapumziko. Ofisi ya usajili, dirisha la saba. Msichana wa pale anaitwa Nuf, anazungumza polepole ili nielewe Kiarabu chake. Akauliza: namba ya gari? Haina. Istimara ya zamani? Haina. Karatasi ya forodha? Haina. Mwenyewe ni nani? Nikasema mwenyewe amekufa.

Hakucheka wala hakukasirika. Kaandika kwenye kikaratasi vitu vitatu: namba ya chesisi, ithibati ya wapi na lini ilitengenezwa, ithibati ya mwenyewe. "Lete hivi kwanza, halafu fahas." Fahas ni ukaguzi.

Nilirudi kabla ya magharibi, kama eda inavyotaka.

Ijumaa, 15 Novemba

Bi Time kapiga simu kutoka Makunduchi. Ni wifi yangu, dada pekee wa Vuai, na kwa umri angeweza kuwa mama yangu.

"Nasikia unazunguka maofisini na umo edani."

"Nakwenda kazini pia, Bi Time. Nisipokwenda kazini sina pa kulala."

"Kazi naijua. Nauliza hilo gari."

"Nataka kuliandikisha."

"Kwa jina la nani?"

Nikasema sijui bado. Akanitakia subira, akakata. Miaka kumi na miwili nimo katika ukoo ule na bado nikizungumza naye nahisi kama niko kwenye usaili. Mimba zangu mbili zilitoka. Baada ya ya pili hakuniuliza tena, na kutouliza kwake kulikuwa kubaya zaidi.

Naona anataka karavani.

Jumanne, 19 Novemba

Al Wukair. Mara ya kwanza tangu siku ile. Nilidhani nitahisi kitu nikifika. Nimeona kiwanja, ukuta, tangi la maji, na karavani. Rangi ya buluu imefika chini ya dirisha la kushoto ikakoma. Kutoka hapo hadi nyuma ni rangi ya kijivu ya kutangulizia.

Wesley kalala chini na msasa, anatafuta namba. Rangi ya buluu, chini yake nyeupe, chini yake nyeupe nyingine iliyofanya unjano, chini yake kijani. Namba ilikuwa kwenye mkono wa chuma wa kukokotea, upande wa ndani, imegongwa kwa nyundo. Hatukuweza kuisoma kwa macho. Nikatoa chaki yangu ya fundi na karatasi ya kukatia ruwaza, nikaiweka juu ya chuma nikaisugua, kama ninavyotoa alama ya kifungo. Namba zikajitokeza moja moja. Tarakimu saba, herufi mbili, kisha tarakimu tano nyengine.

"Shemeji, wewe ni noma," Wesley akasema.

Bwana Mubarak alikuja, akakaa ndani ya gari lake nje ya geti na injini inanguruma. Hakushuka. Baada ya robo saa akaondoka. Hakuja kunipa pole tangu mazishi, alimtuma mtu na mchele. Tajiri ni tajiri.

Jumatano, 27 Novemba

Hakuna.

Jumanne, 3 Disemba

Wesley kaambiwa kuna chama Uingereza cha watu wanaopenda karavani za zamani, wanazo daftari za viwanda vilivyokwisha kufungwa. Kendi kaniandikia barua pepe kwa Kiingereza chake kizuri cha mapokezi ya hoteli. Tukaambatisha namba na picha nne. Kendi kauliza aandike nani kaifufua. Nikasema andika mume wangu. Kauliza, "Niweke 'marehemu'?" Nikamwambia kama unavyoona.

Jumatatu, 9 Disemba

Hakuna jibu. Baridi ya asubuhi imeanza. Wahudumu wanaleta makoti ya mwaka jana yakiwa na mifuko iliyochanika.

Jumatano, 18 Disemba

Sikukuu ya taifa. Magari yamepambwa, honi mchana kutwa. Sikutoka.

Jumapili, 22 Disemba

Barua imejibiwa. Mzee mmoja aitwaye Rodney anatunza daftari za kiwanda ndani ya banda la bustani yake, na baba yake alifanya kazi kiwandani humo. Karavani yetu ilitengenezwa masika ya mwaka 1971, ikanunuliwa na mhandisi aliyekuwa anakwenda Ghuba. Rangi ya asili ni kijani. Ametia saini na muhuri wa chama. Mwishoni kaandika kwamba ameitazama sana picha ya kona ya paa, kwamba karavani za namna hiyo huoza kona hiyo zote, na aliyeifufua hii ni fundi.

Kendi alinisomea mara mbili. Nikamshukuru nikaenda kufua.

Jumanne, 24 Disemba

Dirisha la saba. Nuf kaiangalia karatasi ya chaki kwa muda mrefu, kisha kaipitisha kwa mkubwa wake. Wamekubali namba, wamekubali barua. Imebaki mwenyewe. Kama Bwana Mubarak alimpa Vuai, aseme hivyo kwa maandishi, kisha nilete hati ya warithi wa Vuai kutoka kwa kadhi wa kwetu, ifasiriwe na kupigwa mihuri. Warithi wote, akasisitiza kwa kidole. Wote.

Jioni nikampigia Bi Time. Nikamweleza.

"Bi Time, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Ni karatasi tu. Mimi mke na wewe dada. Wazee wenu wameshatangulia, na watoto hakuna. Haichukui siku mbili."

"Nitakwenda kwa kadhi," akasema. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyekaa ghafla.

Alhamisi, 2 Januari 2025

Bi Time hajajibu.

Jumatatu, 6 Januari

Bi Time hajajibu. Wesley kaleta magurudumu mapya kutoka gari lililopinduka. Kasema yako sawa, gari lilianguka ubavu.

Jumatatu, 13 Januari

Eda imekwisha leo. Nimeoga, nimetia mafuta, nimevaa dira la maua ambalo Kendi alinipigia pasi bila kuulizwa. Nilikaa kitandani nikisubiri nijione nimetoka mahali. Kisha nikaenda kazini.

Jumanne, 14 Januari

Bwana Mubarak alikuwa amesubiri eda iishe. Leo kaja na mke wake hadi chini ya jengo letu, tukakaa garini, mimi na mkewe nyuma. Akasema kwa Kiarabu chepesi, akitazama mbele: "Sikuja kwa sababu ulikuwa umekaa eda. Kila Ijumaa nilikuwa nakwenda kiwanjani. Siwezi kushuka. Nilikuwepo alipoanguka, nilidhani ameinama kuokota brashi. Nikamaliza kuongea na simu."

Mkewe alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa na hina mpya.

Kisha akanipa karatasi. Tamko lenye saini yake, kwamba karavani ni yake na ananiuzia mimi moja kwa moja. Nafasi ya jina la mnunuzi iko tupu. "Nilimpa kwa mdomo. Hakuna aliyeandika. Ukichoka na ndugu zake, jaza jina lako. Siku moja tu, imekwisha."

Nimeiweka katikati ya daftari hili.

Jumanne, 21 Januari

Bi Time hajajibu. Upepo wa kaskazini, vumbi hadi ndani ya cherehani. Kwa nini nisijaze? Namsubiri mtu ambaye hata salamu hatoi. Najua anachofanya. Anasubiri nichoke ili aje na madai yake.

Jumapili, 2 Februari

Hati imefika. Mpwa wa jirani wa Bi Time anafanya kazi ya ulinzi hapa Muaither, kaja nayo kutoka likizo ndani ya bahasha ya kaki. Nilifungua kwenye meza ya kushonea, wakati wa chakula, wenzangu wametoka.

Mahakama ya kadhi. Marehemu Vuai, jina la baba, jina la babu. Ameacha warithi wafuatao. Mke mmoja, Zuleikha, jina langu lote limeandikwa sawa. Dada mmoja wa kuzaliwa naye, Time. Na kati ya mistari hiyo miwili: binti mmoja, Hadijah, umri miaka tisa, anaishi kwa shangazi yake.

Nilidhani kuna Vuai mwengine. Nikasoma tena jina la babu. Kisha nikafanya hesabu kama mtu anayekata kitambaa. Miaka tisa. Tumeoana miaka kumi na miwili. Miaka kumi nyuma alikuwa kwao miezi saba akisubiri viza, mimi nikiwa hapa peke yangu. Mimba yangu ya pili ilitoka mwaka ule.

Tarehe ya hati ni 30 Disemba. Alikuwa nayo mwezi mzima.

Nimetia vifungo kumi na tisa baada ya hapo. Nilivihesabu. Hakuna hata kimoja kilichokwenda upande.

Jumatatu, 3 Februari

Kazini.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda Al Wukair kwa basi na miguu. Wesley alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha karavani anachuna waya wa taa.

"Hadijah ni nani?" nikamwuliza.

Aliweka koleo chini. Hakujidai kushangaa, hilo nampa.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kitambo. Kama miaka mitatu hivi. Alinionyesha picha. Alikuwa anasema atakuambia hii ikimalizika."

"Hii nini?"

"Hii karavani. Alisema mkikaa humu, mkienda camping huko jangwani, mko wawili, hakuna wa kupiga simu, atakuambia. Nilimwambia, buda, mwambie tu leo. Akasema bado paa. Baadaye akasema bado rangi."

"Na mama yake mtoto?"

"Aliolewa na mwingine, akaenda bara. Mtoto akabaki kwa huyo dada ya Vuai. Shemeji, mimi haikuwa yangu kusema."

"Umesimama mlangoni kwangu miezi mitano."

"Nimesimama, ndiyo."

Niliingia ndani. Mlikuwa na joto la bati. Kuna kitanda kipana nyuma, ambacho nilishona mwenyewe foronya zake. Upande wa mbele kuna rafu ya chini ya dirisha, ina ukingo wa mbao ili kitu kisianguke. Nilikuwa nikidhani ni ya mabegi. Nikajinyoosha juu yake. Miguu yangu ilitoka nje kuanzia magotini. Ni kitanda, na si cha mtu mzima.

Nilibaki hapo nikitazama dari. Kazi safi, misumari haionekani. Nilijaribu kumchukia, haikuja. Nilijaribu kulia, haikuja vilevile. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa.

Nilipotoka Wesley alikuwa bado amesimama pale pale. Sikumuaga.

Jumanne, 11 Februari

Mvua kidogo, barabara zimejaa maji. Nimelala kutwa. Wesley katuma picha ya taa za nyuma zinawaka. Sikujibu.

Jumatatu, 17 Februari

Kesho dirisha la saba. Ninazo karatasi mbili. Nimeizungusha ile ya Bwana Mubarak mkononi. Nikijaza jina langu hapana atakayejua. Karavani haijawahi kuwa ya Vuai popote penye maandishi. Mtoto hajui kama ipo. Bi Time amenificha miaka tisa, nami nikimficha bati na magurudumu, nani atanihukumu?

Nimelijaza jina langu, kwa penseli.

Jumanne, 18 Februari

Nilichukua tiketi, namba yangu ikaja baada ya saa moja. Nuf alinikumbuka. Akaniuliza swali lake la siku zote, kwa upole ule ule: "Gari hili lilikuwa la nani?"

Jibu lilikuwa limeshakaa mdomoni: la Bwana Mubarak, ameniuzia. Nikaona kwamba nikilisema, basi Vuai hakuwa na kitu. Miaka kumi na minne Doha, na Ijumaa zake zote za miaka minne, paa, kona ile ambayo mzee wa Uingereza aliisifu, vyote vinakuwa vya Bwana Mubarak kwa saini yangu mwenyewe. Mtu alinidanganya, ni kweli. Lakini karavani ilikuwa yake.

"La mume wangu," nikasema. "Amekufa. Ana mke, ana binti, ana dada."

Nikampa hati ya kadhi. Akaisoma tafsiri yake taratibu.

"Binti yako?"

"Wake."

Aliinua macho, akayashusha. Akanieleza yaliyobaki: idhini ya dada, na kwa kuwa binti ni mdogo, idhini ya mlezi wake iliyopitia kwa kadhi. Na kadi inabeba jina moja tu, na lazima liwe la mwenye kitambulisho cha hapa.

"Kwa hiyo ni langu?"

"Jina ni lako. Mali ni yenu watatu."

Karatasi ya Bwana Mubarak nimeirudisha kwa mkewe. Penseli nilikuwa nimeshaifuta. Bwana Mubarak ameandika nyengine, kwamba alimpa Vuai na lini.

Jumamosi, 1 Machi

Ramadhani. Zamu zimefupishwa.

Jumatatu, 3 Machi

Nimempigia Bi Time, kwa sababu ya idhini. Ningeweza kumwandikia. Nilipiga.

"Hati ilikuwa tayari tarehe thalathini Disemba," nikamwambia. "Ukaikalia."

"Niliikalia."

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka utoke edani, Zuleikha." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. Siku zote ni wifi. "Uko peke yako ugenini, umo edani, ndipo nikuletee na hilo? Nilisema na amalize kwanza. Ulipomaliza, nikaogopa. Nikaona wiki hii, wiki ijayo. Hata bahasha ilipofungwa niliifungua tena."

"Na miaka tisa yote?"

"Nilimwambia Vuai siku mtoto alipoletwa hapa, mwambie mkeo. Akasema umetoka kupoteza mimba. Mwaka wa pili nikamwambia. Mwaka wa tatu nikamwambia. Baadaye nikawa siwezi kukupigia simu ila kwa mambo ya lazima, kwa kuwa kila nikikusikia sauti najihisi mwizi."

Nilimwambia nahitaji idhini mbili, yake na ya mtoto.

"Kadhi aliniambia zitatakiwa, nimeshakwenda kwake," akasema. "Zinaletwa wiki hii."

Nimeyaandika haya kama alivyoyasema. Nilimwandika yeye kama mtu mwengine kwenye kurasa za nyuma. Siwezi kuzichana, zina tarehe za maofisi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimebadilishana zamu. Kadi lazima iandike rangi moja, na karavani ina mbili. Kwa hiyo lazima ipakwe kabla ya fahas.

Wesley alikuwa ameshapiga msasa upande wa kushoto wote. Tulisalimiana. Akanipa brashi mpya. Nikamwuliza ile nyengine iko wapi, akasema aliiosha akaiweka kwenye sanduku la vifaa, hakujua aifanyeje. Nikasema iache hapo.

Nilianzia pale rangi ilipokomea. Nilitaka nione mpaka, lakini buluu ilipokauka juu ya buluu haukuonekana tena. Wesley akapaka juu, mimi chini. Baada ya sala ya Ijumaa geti likafunguliwa. Bwana Mubarak alikuwa ameshuka kwenye gari. Akasimama kandokando ya ukuta muda mrefu, kisha akaja akashika ngazi ya Wesley, na kanzu yake nyeupe, hadi adhana ya alasiri. Tulichosema ni "sogea" na "bado pale".

Kwenye basi nikatambua kwamba sikumwomba Wesley radhi wala yeye hakuniomba. Nadhani tumeshamaliza.

Jumanne, 11 Machi

Fahas. Bwana Mubarak katoa gari lake, Wesley kaendesha, kwa kibali cha siku moja. Mkaguzi akazunguka na tochi. Breki sawa, upana sawa, namba ya chesisi ile ile ya chaki. Taa ya kushoto ya nyuma ikawaka inapotakiwa kuwaka ya kulia. Wesley akaingia chini akabadilisha nyaya pale pale, huku watu nyuma yetu wanapiga honi.

Mkaguzi kaingia ndani, kakaa kidogo, katoka akauliza ni karakana gani imefanya kazi hii. Wesley akanitazama mimi.

"Mume wangu," nikasema. "Hakuwa na karakana."

Amepitisha.

Jumapili, 16 Machi

Idhini zimefika. Chini ya ile ya mtoto, Bi Time amemwachia naye aandike jina lake, ingawa sheria haitaki. Herufi kubwa, H imeinama.

Jumanne, 25 Machi

Istimara. Nuf aliipitisha chini ya kioo. Kadi ndogo ya plastiki: karavani, 1971, buluu, jina langu peke yake. Ndiyo kadi ile ile ambayo ningeipata mwezi uliopita kwa penseli. Ukiitazama huwezi kujua.

"Mabruk," Nuf akasema. Nikamwambia asante. Nilitembea kwenda kituo cha basi nikaona nimepita vituo viwili.

Alhamisi, 27 Machi

Karavani imeondoka Al Wukair. Rafiki wa Bwana Mubarak ana shamba kaskazini, ameipokea, kwa kuwa ina karatasi. Msimu ujao wa kambi itakodishwa kwa familia, na kinachopatikana kitagawiwa kama kadhi alivyopanga: nusu ya mtoto, thumni, yaani moja ya nane, yangu, kinachobaki cha Bi Time. Nilisimama barabarani na Kendi tukaiangalia ikipita na sahani yake ya namba. Ilikwenda wima. Kendi akapunga mkono, mimi nilishika mkoba.

Jumapili, 30 Machi

Idi. Bi Time kapiga simu ya picha baada ya sala. Tukapeana mkono wa Idi, akauliza kama karavani imefika salama, nikamwambia imefika. Kisha akasema, "Kuna mtu hapa," akageuza simu bila kuniuliza.

Ana paji la uso la Vuai. Nilikuwa nimejiandaa kwa macho, sikujiandaa kwa paji. Kavaa gauni la manjano lenye zipu iliyokwama, naona kutoka hapa kwamba aliyeishona alikosea upande.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba. Hujambo, Hadijah?"

"Sijambo." Akatazama pembeni, akarudi. "Shangazi anasema huenda umenikasirikia."

Nikamsikia Bi Time nyuma akimwambia nyamaza wee. Nilitaka kusema hapana haraka, kama watu wazima wanavyosema. Lakini alikuwa ananitazama kweli, naye miaka tisa amefichwa kama nilivyofichwa mimi.

"Wewe sikukukasirikia," nikamwambia. "Nimemkasirikia baba yako."

Ilikuwa imeshatoka. Na nilipoisikia nikaona ni kweli, ilipanda kutoka tumboni hadi kwenye masikio, moto, nikaiegemeza simu juu ya meza. Tangu Septemba sijahisi kitu kizito namna ile.

Hadijah hakushtuka. Aliivuta zipu yake juu, haikwenda.

"Hata mie," akasema. "Alisema atakuja Shaabani."

Nikamwambia alivue gauni, aligeuze nje ndani, ailete zipu karibu na kamera nimwonyeshe pa kufumua. Akakimbia kutafuta mkasi.